Maisha ya Makhan Singh, Mtetezi wa Wafanyakazi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu wakubwa wa nchi yetu, kama vile Mkwawa, Kinjikitile na Mwalimu Nyerere. Muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye Kenya anajulikana sana, lakini hapa kwetu jina lake halitajwi mara nyingi. Hata hivyo, mtu huyu alidai uhuru wa Afrika Mashariki yote, Tanganyika ikiwamo, mbele ya hadhara ya watu, miaka minne kabla TANU haijazaliwa. Alikuwa Mhindi, kazi yake kupiga chapa, na jina lake Makhan Singh. Ninayo sababu yangu mwenyewe ya kumchagua, nami nitaieleza mwishoni.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1913, katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, jimbo la Punjab. Siku hizo Punjab yote ilikuwa sehemu ya Uhindi chini ya Waingereza. Leo kijiji hicho kimo katika nchi ya Pakistan. Wazazi wake walikuwa watu wa dini ya Singasinga, ambao hapa kwetu huitwa Makalasinga.

Ili tuelewe jinsi mtoto wa Punjab alivyofika Nairobi, hatuna budi kutazama habari za reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria. Kwa kazi hiyo walileta vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 kutoka Uhindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na ajali, na baadhi waliliwa na simba wa Tsavo. Walio wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini wengine walibaki, na miaka iliyofuata wakaja wenzao kutafuta kazi. Mmoja wa waliokuja baadaye alikuwa baba yake Makhan, Mzee Sudh Singh, fundi seremala, ambaye alifika Kenya mwaka 1920 akaajiriwa na reli. Mwaka 1927 jamaa zake walimfuata. Hivyo ndivyo Makhan alivyoingia Nairobi, kijana wa miaka 13.

Siku hizo shule za Kenya zilitengwa kwa rangi. Watoto wa Kizungu walikuwa na zao, Wahindi na zao, na Waafrika na zao. Makhan alisoma katika shule ya Serikali ya Wahindi, ile ambayo leo inaitwa Jamhuri High School. Alikuwa na akili nyepesi darasani, tena alipenda kutunga mashairi katika lugha yake ya Kipunjabi. Alimaliza masomo mwaka 1931. Alitamani kuendelea na elimu ya juu, lakini fedha hazikuwapo. Basi alikwenda kufanya kazi pamoja na baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kuanzisha kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Huko alijifunza kazi ambayo ilimfaa maisha yake yote, maana mtu ajuaye kupiga chapa aweza kusema na watu elfu kwa siku moja.

Wakati ule hali ya wafanyakazi wa Nairobi ilikuwa ngumu. Mshahara ulifuata rangi ya mtu: Mzungu juu, Mhindi katikati, na Mwafrika chini kabisa, hata kama kazi ilikuwa ile ile. Wafanyakazi wa Kihindi walijaribu kuunda chama chao, lakini vyama vile vilikuwa dhaifu. Mwezi Machi, 1935, walimchagua Makhan Singh kuwa katibu wa chama kilichoitwa Indian Trade Union. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu.

Jambo la kwanza kubwa alilofanya ni kuondoa neno moja. Mwezi uliofuata, Aprili 1935, chama kile kilibadilishwa jina kikawa Labour Trade Union of Kenya. Neno Indian liliondoka, na mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi wa kila rangi, kila dini na kila kabila. Yaweza kuonekana kuwa ni jambo dogo, lakini katika nchi ambayo shule, hospitali na mitaa ya kukaa ilitengwa kwa rangi, lilikuwa jambo la hatari. Makhan Singh alikuwa ameona kwamba mafundi wa Kihindi wakidai nyongeza peke yao, mwajiri atawatafuta Waafrika kwa ujira mdogo. Na Waafrika wakidai peke yao, mwajiri atawatisha kwa kuleta wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Matangazo ya chama yalipigwa chapa kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, ili asiwepo mfanyakazi wa kusema hakusikia.

Mwaka 1936 chama kilianza kudai siku ya kazi iwe ya saa nane. Mwaka 1937, mwezi Aprili, mafundi wa Nairobi waligoma. Mgomo ule ulidumu siku 62. Nawaomba wasomaji mfikiri kidogo habari ya siku 62 bila mshahara, kwa mtu mwenye mke na watoto na nyumba ya kupanga. Tena waajiri wengi katika mgomo huo walikuwa wakandarasi wa Kihindi. Makhan Singh angeweza kunyamaza kwa kuwaonea haya watu wa kwao, ambao aliabudu nao na kula nao karamu. Hakunyamaza. Mwisho wa siku hizo 62 waajiri walikubali kuongeza ujira kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 25, na kazi ikawa ya saa nane kwa siku. Chama hicho pia kilibadilisha jina tena, kikaitwa Labour Trade Union of East Africa, ili wafanyakazi wa Uganda na Tanganyika nao wapate kuingia.

Mwisho wa mwaka 1939 alisafiri kwenda Uhindi kutazama hali ya wafanyakazi wa huko. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza, na Waingereza hawakutaka mtu wa kuchochea wafanyakazi. Mwezi Mei, 1940, walimkamata katika mji wa Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka miwili bila ya kuhukumiwa. Alipotolewa alizuiwa asitoke kijijini kwake Gharjakh mpaka mwanzo wa mwaka 1945. Baadaye alifanya kazi katika gazeti la wafuasi wa Ukomunisti wa Punjab, maana yeye mwenyewe alikuwa Mkomunisti na hakuficha jambo hilo.

Mwezi Agosti, 1947, Uhindi na Pakistan zilipata uhuru wao. Mtu mwingine angesema sasa nchi yangu iko huru, nami nitulie nistarehe. Makhan Singh alipanda meli mwezi huo huo akarudi Kenya, ambako uhuru ulikuwa bado. Aliikuta nchi inatokota. Mwezi Januari wa mwaka ule wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamefanya mgomo mkubwa, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti akapelekwa mbali na watu wake. Kwetu Tanganyika nako, mwezi Septemba, 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata Reli ya Kati kuja bara. Reli hiyo ndiyo hii inayopita Dodoma, ambayo honi ya treni yake tunaisikia usiku tukiwa bwenini.

Serikali ya kikoloni haikupenda kurudi kwake. Ilimwambia kwamba yeye ni mgeni asiyetakiwa, ikamwamuru aondoke. Alikataa. Alikamatwa, akashitakiwa, akapigania haki yake mahakamani mpaka akashinda. Kisha akarejea katika kazi yake.

Tarehe 1 Mei, 1949, Siku Kuu ya Wafanyakazi, vyama kadhaa viliungana kuunda shirikisho moja lililoitwa East African Trades Union Congress. Rais wake alichaguliwa Fred Kubai, Mwafrika, na Katibu Mkuu wake Makhan Singh, Mhindi. Serikali ilikataa kuliandikisha shirikisho hilo, lakini halikufa. Mwezi Machi, 1950, mji wa Nairobi ulipopewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, shirikisho liliwaambia wafanyakazi wasiende kusherehekea. Lilisema kuwa hakuna sababu ya mfanyakazi kushangilia jiji ambalo ndani yake yeye hana nyumba ya heshima.

Sasa nafika katika siku ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko zote katika maisha yake. Ilikuwa tarehe 23 Aprili, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Chama cha Waafrika, Kenya African Union, na chama cha Wahindi, East African Indian National Congress, walifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh alisimama akatoa pendekezo kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili, tena sasa. Watu waliokuwapo walilipokea. Siku hizo hata viongozi wengi mashujaa walikuwa bado wanaomba viti vichache zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria. Yeye alidai nchi yenyewe.

Serikali haikungoja sana. Tarehe 15 Mei, 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi walianza mgomo mkuu uliodumu siku tisa, na ukaenea mpaka miji mingine. Walidai viongozi wao waachiliwe, na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilitoa askari na magari ya vita, ikawatawanya watu kwa moshi wa kutoa machozi. Jambo la kukumbukwa ni kwamba wengi wa waliogoma walikuwa Waafrika, na mmoja wa waliogomewa kwa kutaka wafunguliwe alikuwa Mhindi mwenye kilemba. Hapo tunaona kuwa kule kuondoa neno moja mwaka 1935 kulizaa matunda.

Kesi yake ilisikilizwa Nyeri. Alikiri kwamba yeye ni Mkomunisti, na akaeleza mbele ya jaji kuwa Waingereza hawana haki ya kuitawala Kenya, na kwamba nchi hiyo ni ya watu wake. Hakuomba msamaha. Basi aliamriwa awekwe kizuizini. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Kenya, katika nchi ya Waturkana yenye jua kali na mawe. Ni pale pale ambapo miaka mitatu baadaye Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa. Kutoka huko alihamishiwa Maralal, na baadaye Dol Dol.

Alikaa kizuizini tangu Mei 1950 hadi Oktoba 1961, yaani miaka 11 na miezi 5. Mwanafunzi wa kidato cha nne ahesabu hivi: tangu siku ulipoingia darasa la kwanza mpaka siku hii unaposoma gazeti hili, na bado hujafikisha. Mkewe alibaki Nairobi na watoto, nao walikua bila baba nyumbani. Jambo linalonishangaza zaidi ni hili, kwamba ufunguo wa mlango ule ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Serikali ilikuwa tayari kumwachilia endapo atakubali kuondoka Kenya akarudi Uhindi. Alijibu kwamba Kenya ndiko kwao. Kwa jibu hilo alibaki kizuizini.

Alipotoka mwezi Oktoba, 1961, dunia ilikuwa imebadilika. Chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Uganda ikafuata mwaka 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba, 1963. Yale aliyoyasema Kaloleni, ambayo wakoloni waliyaita uchochezi, yakawa ni bendera na nyimbo za mataifa matatu. Je, alipewa nini? Hakupewa uwaziri, wala hakupewa uongozi katika vyama vya wafanyakazi, ambavyo sasa vilikuwa na viongozi wengine. Wako watu waliouogopa Ukomunisti wake, na wako waliokuwa wamemsahau. Lakini hatusikii kwamba alizunguka akidai malipo yake.

Alifanya nini basi? Alirudi katika karatasi na chapa, kazi aliyoijua tangu ujana. Alikusanya matangazo ya zamani, barua, taarifa za mikutano na habari za migomo, akaandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka mwaka 1952. Kilitolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1969. Sehemu ya pili ilitolewa mwaka 1980, yeye akiwa amekwisha kufa. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei, 1973, kwa maradhi ya moyo, mwenye umri wa miaka 59.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Sasa nieleze sababu yangu.

Baba yangu ni kibarua wa ujenzi. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, majengo yameongezeka sana katika mji wetu, na watu wa makabila mengi wamekuja kutafuta kazi. Wakati mmoja baba na wenzake tisa walibeba zege kwa mtu mmoja muda wa wiki sita. Walikuwamo Wagogo, Warangi na Wasukuma. Siku ya malipo yule mwajiri hakuwakusanya pamoja. Aliwaita mmoja mmoja jioni, akampa kila mmoja nusu ya ujira, na kila mmoja akamwambia kwamba wenzake wamekwisha kukubali. Wote walipokea. Baadaye Wagogo walidhani Warangi ndio waliowauza, Warangi wakadhani Wasukuma, na Wasukuma wakawadhania Wagogo. Baba aliacha kusalimiana na rafiki yake Mrangi, mtu ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Muhula ule nilirudi shuleni bila godoro, nikalala pamoja na mwenzangu mpaka nusu ya muhula.

Likizo iliyopita, baada ya mwalimu wetu wa Historia kutufundisha habari za Makhan Singh, nilimsimulia baba. Alisikiliza bila kusema neno. Nilipofika kwenye siku 62 aliniuliza walikuwa watu wangapi. Nikamwambia walikuwa wengi, mafundi wa mji mzima. Akakaa kimya tena. Kisha akasema kwamba wao walikuwa kumi tu, na watu kumi wangetosha kukaa chini ya mbuyu mmoja wakaulizana ukweli. Kesho yake alitoka asubuhi kwenda kumtafuta yule rafiki yake. Sijui walizungumza nini, lakini alirudi jioni, nao walikuwa wawili.

Nusu ya ujira haikurudi, wala sitaki kudanganya kwamba ilirudi. Lakini nimejifunza kwamba yule mwajiri hakuwa na nguvu kuliko watu kumi. Nguvu yake ilikuwa ni kuwaita mmoja mmoja. Makhan Singh alilijua jambo hilo mwaka 1935, akiwa amenizidi miaka minne tu.

Leo sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inamruhusu mfanyakazi kujiunga na chama akipendacho. Mei Mosi ni siku ya mapumziko, nasi wanafunzi huifurahia kwa sababu hakuna vipindi. Haki hizo zililipiwa na watu, na mmoja wa waliolipa katika Afrika Mashariki ni huyu niliyemweleza. Lakini sheria iliyo kitabuni haiwezi kutembea yenyewe mpaka kwenye zege. Hupelekwa huko na watu wanaoijua na wanaoaminiana.

Wenzangu wa kidato cha nne, baada ya mitihani wengi wetu tutatafuta kazi. Wengine watakuwa waajiriwa, na wengine, Mungu akipenda, watakuwa waajiri. Nawaomba tusisahau tulivyokaa hapa Chang'ombe, watu wa mikoa mbalimbali katika bweni moja, tukigawana ndoo ya maji na sabuni. Na siku mtakapoitwa mmoja mmoja jioni, msiende kabla hamjaulizana.

Nawatakia wote heri katika mitihani.